Ndege Yako, Ndege Yangu

Kapteni Ambakisye aliniomba nimeze kidonge cha mafua, na mimi sikuwa na mafua.

Tulikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha marubani pale Mwanza, mchana, mimi na yeye peke yetu, chai zetu mezani. Alikisogeza kile kidonge mpaka kikagusa kisahani changu, akakivuta kurudi kwake, kisha akakisogeza tena. Mtu mzima, kapteni aliyenifundisha kurusha ndege tangu sijui hata kujifunga mkanda vizuri, anahangaika na kidonge kama mtoto anayeficha andazi.

"Kimoja tu, Mizi," alisema. Jina langu ni Nyamizi, ila yeye tangu zamani hulikata. "Kinaleta uzito kidogo kichwani. Hakilewishi."

"Kapteni, unataka nilale angani?"

"Nani kasema ulale? Nataka upungue kidogo tu. Kiasi cha taa kubaki kwangu mpaka tutue Songwe."

Nilijua anachokisema, na nilitamani nisingejua.

Siku hizi kila rubani anavaa utepe kichwani, mwepesi, wa kitambaa, unaosoma ubongo wake: amechoka kiasi gani, anaitikia upesi kiasi gani, akili iko hapa au imekwenda sokoni. Habari zote hizo zinakwenda kwa Mizani, mtambo uliofungwa katikati ya viti vyetu viwili. Mizani inapima vichwa viwili na kumpa ndege mwenye kichwa kizuri zaidi kwa wakati huo. Taa ya kijani ikiwaka upande wako, usukani wako unakaza na ndege ni yako. Taa ikihama, usukani unalegea mkononi mwako na anayeruka ni mwenzako. Haiulizi nani kapteni wala nani msaidizi.

Na sheria yake haina huruma. Magurudumu yakigusa ardhi wakati taa imemtoka kapteni, inahesabiwa. Ikitokea mara tatu, leseni imekwenda. Ambakisye alishatokwa na taa mara mbili, na mara zote mbili aliyekuwa kiti cha kulia ni mimi. Taa ilinijia mimi. Sikuiomba.

"Mzee, si uombe kazi nyingine?" nilimwambia. "Ukae kulia. Mimi niruke, wewe uniangalie."

"Watakubali? Wewe husomi sheria? Asiyefaa kurusha hafai hata kumwangalia anayerusha. Ukitoka, umetoka." Alikunywa chai yake, akaikunjia uso, ilikuwa imepoa. "Mikono yangu inachelewa, sikatai. Lakini macho je? Umewahi kuona kitu angani kabla yangu?"

"Hapana."

"Basi. Wanataka nikakae Tukuyu, nyumba yenyewe haina mtu, nishinde uani nikitazama ndege za wenzangu zinapita juu. Nitakufa, Mizi. Nakwambia ukweli, nitakufa."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikichukua kidonge nikakitia kwenye mfuko wa shati, nikamwambia nitakimeza na maji tukiwa ndani. Haki ya Mungu sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka tu aache kunitazama vile.

*

Kabla ya Mizani, kazi ya chumba cha marubani ilikuwa inagawanywa kwa mdomo. Nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha ni yeye. Kwenda naruka mimi, kurudi unaruka wewe. Anayeruka ameshika usukani na hashughuliki na kingine. Mwenzake ni mwangalizi: anaongea na redio, anasoma orodha ya ukaguzi, anatazama mwendo na kimo, na zaidi ya yote anasema. Akiona jambo haliko sawa anasema, hata kama anayekosea ni kapteni mwenye mvi. Asipojibiwa, anasema mara ya pili. Asipojibiwa mara ya pili haulizi tena, anaichukua ndege, kwa sababu huenda mwenzake amezimia huku macho yakiwa wazi.

Na kupokezana kulikuwa na maneno yake. "Ndege yako." "Ndege yangu." Hakuna aliyeachia mpaka asikie jibu. Ambakisye alikuwa akinirudisha angani mara kumi kwa sababu ya jibu moja nililolimeza. "Sijasikia!" alikuwa akifoka. "Nimempa nani ndege, nimeupa upepo?"

Mizani ilipokuja wakasema maneno yanachelewesha, taa inatosha. Sasa kuyasema ni kosa la nidhamu. Kwenye mafunzo niliinua mkono nikamuuliza mhandisi: je, vichwa vyote viwili vikiharibika kwa wakati mmoja? Akacheka. Akasema mmoja anafanya kazi na mwingine anapumzika, sasa vitaharibikaje pamoja? Darasa zima likacheka naye, nikakaa chini nimenuna.

Tulipojifunga mikanda siku ile, taa ilikuwa upande wa Kapteni. Tukaondoka, tukapanda, ziwa likabaki nyuma. Humo ndani kila neno linarekodiwa, kwa hiyo hakuniuliza kwa mdomo. Aligusa mfuko wa shati lake, akainua nyusi.

Niliinua chupa ya maji, nikanywa. Akaelewa alivyotaka kuelewa.

Kidonge kilikuwa bado mfukoni kwangu. Nilikuwa nakisikia kila nilipovuta pumzi, kitu kidogo hivyo. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, huyu mzee ana haki gani ya kuniomba nijiharibu kichwa na watu wako nyuma? Hapo hapo nikamwonea huruma, nikaona ile nyumba yake ya Tukuyu, nikasema kwani akitua leo tu, nani atakufa? Kisha nikajikasirikia mimi kwa kusema hivyo. Nikawa nageuka geuka kwenye kiti. Nikasoma orodha moja mara mbili. Kituo cha kuongozea ndege kilituita, nikajibu kwa namba ya ndege niliyorusha wiki iliyopita, wakaniuliza nirudie.

Ndipo nikatazama kioo kidogo cha Mizani. Kila rubani ana mstari wake pale. Wangu huwa juu, na sisemi kwa majivuno, ndivyo ulivyo. Siku ile ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa mstari wa Kapteni, na ulikuwa bado unashuka. Nilidhani kioo kimeharibika. Sikuwa nimemeza kitu! Usiku uliopita nililala vizuri, nilikula, sikuwa na homa. Kilichokuwa kichwani mwangu ni yeye tu na ombi lake.

Kapteni naye aliuona ule mstari. Nilimwona akiuona. Uso ulimshuka, mkono wake wa kulia ukatoka kwenye usukani, ukafuta jasho, ukarudi. Alidhani kidonge kimefanya kazi kuliko alivyotaka.

"Samahani, mwanangu," alisema polepole.

Kisha mstari wake nao ukaanza kushuka.

Ningemwambia pale pale, "Sijameza," yakaisha. Lakini kinasa sauti kilikuwa kinasikiliza, na neno hilo moja lingetosha kummaliza. Nikanywa maji mengine.

*

Tulipoanza kushuka kuelekea Songwe, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Mbeya na upepo ulikuwa unapiga kutoka kushoto, wa vishindo, unaacha na kurudi. Kwa upepo wa namna ile sheria inataka mkono wa mtu. Kapteni akauzima mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ndege ikawa yake.

Haikukaa. Taa ilihama, ikaja kwangu. Usukani ukakaza mkononi mwangu, nikasema moyoni: ikibaki hapa mpaka chini ni ya tatu, wamemmaliza! Nikarekebisha pua ya ndege, na kabla sijamaliza usukani ukalegea. Taa imerudi kwake. Nikaachia, kama tulivyofundishwa, maana usukani ukilegea unatoa mkono mara moja. Nikavuta pumzi. Taa ikaja kwangu. Ikaondoka. Ikaja.

"Ebo!" nilisema.

Ikaondoka tena, na mimi nikatoa mikono.

Ndege ikaanza kuinama upande wa kulia. Iliinama taratibu, kwa upole kabisa, mpaka nikaona Kapteni anafanya vizuri, anaiweka sawa na upepo. Nikatazama kimo. Kinashuka, sawa, tunashuka. Nikamtazama yeye kwa pembeni, naye alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani, ametulia. Mikono mapajani! Niliiona na akili haikuiona.

Ndege ikazidi kuinama. Nyuma huko kikombe kilianguka, nikamsikia Bi Tatu, mkuu wa wahudumu, akiwaambia watu wakae.

"Mizi," alisema Kapteni, "unakwenda wapi?"

"Mimi? Si unaruka wewe?"

"Taa ilikuwa kwako!"

"Ilirudi kwako!"

Tukatazama sote. Taa haikuwa kwangu wala kwake. Ilikuwa inawaka huku, inazimika, inawaka kule, upesi kuliko mkono wa mtu. Vichwa viwili vibovu sawasawa, Mizani inatafuta kilicho afadhali na haikioni. Niliukamata usukani, umelegea. Yeye akaukamata wake, nao umelegea, ukakaza kidogo, ukalegea. Jamani! Ndege nzima, watu na watoto wao, na hakuna aliyekuwa anairusha. Niliogopa.

Kapteni akapeleka mkono kichwani.

Kuvua utepe angani ni kujifuta. Hakuna rufaa, hakuna barua ya daktari, mtu amejitoa mwenyewe na hatarudi. Kila rubani analijua hilo kuliko jina la mama yake. Yeye aliuvua kama mtu anayevua kofia akiingia ndani kwa watu, akauweka juu ya Mizani, na taa ikaja upande wangu ikatulia.

"Ndege yako," alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, na kinasa sauti kinasikia. Nilikuwa bado naikodolea taa macho. Alinigeukia.

"Sijasikia!"

"Ndege yangu!"

"Haya. Sawazisha mabawa kwanza. Usivute, sawazisha tu. Hivyo hivyo. Sasa pua, kidogo. Mwendo mzuri. Kimo kidogo, ongeza nguvu. Vizuri, Mizi, vizuri."

Mikono yake ilikuwa mapajani na haikutoka hapo. Alikuwa anasoma vipimo na kuvitaja, alikuwa anaongea na kituo, alikuwa anatazama nje, vyote kwa wakati mmoja na bila haraka, na kila alichokitaja nilikuwa nakihitaji wakati ule ule. Kichwa changu kikaanza kurudi. Nilihisi kinarudi.

Tukatoka chini ya mawingu, njia ya kutua hiyo hapo mbele, nimeipata, magurudumu yako nje. Nilitaka kushuka. Nilitaka kuwa chini kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Panda," alisema Kapteni.

"Naiona njia, Kapteni. Naweza."

"Panda."

"Naweza, nimeshaiweka..."

"Sikukuuliza. Ndege yako, lakini kapteni bado ni mimi. Panda!"

Nikasukuma nguvu zote, pua ikainuka, tukapanda. Nilikuwa na hasira hadi machozi. Nikatupa jicho chini, na pale ambapo tungekuwa tunagusa ardhi, mfuko unaoonyesha upepo kando ya njia ulizunguka ghafla ukatazama upande wa pili, vumbi likafagiwa kukatiza lami nzima. Tungeendelea sekunde mbili tatu zaidi, tungekuwa ndani ya upepo ule na bawa moja chini. Mizani haikuwa na la kusema juu ya hilo. Mimi sikuwa nimeliona. Aliliona mtu asiyefaa.

Tukazunguka, tukarudi. Safari hii hakusema panda. Alinihesabia kimo mpaka magurudumu yakagusa.

*

Tulizima injini. Abiria waliteremka, wengine wanacheka kwa sauti kubwa mno, wengine hawatazami mtu. Bi Tatu alichungulia, akaona kichwa cha Kapteni kitupu na utepe juu ya mtambo, akafunga mlango bila neno.

Mizani ina sauti ya kike, ya upole, ya mtu asiye na haraka ya kwenda nyumbani.

"Utepe wa kiti cha kushoto umevuliwa angani," ilisema. "Rubani msaidizi, eleza sababu."

Anayeulizwa ni yule aliyebaki na utepe. Nilielewa njia zangu zote mbili kwa mara moja. Nikisema Kapteni aliugua ghafla, jambo limekwisha: ataagwa kwa heshima, watamkatia keki, atakwenda Tukuyu na jina lake zima. Na Mizani itaonekana ilifanya kazi yake. Kesho marubani wengine wawili wataingia mahali fulani kila mmoja na jambo lake moyoni, taa itacheza, na huenda hakuna hata mmoja kati yao atakayevua utepe. Nikisema yote, lazima niseme kidonge. Kidonge ni kesi. Watamshtaki yule aliyenifundisha kusema "ndege yangu", na shahidi wao nitakuwa mimi.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Kapteni hakuniambia niseme nini. Alikuwa ananitazama tu, mikono bado mapajani, kama alivyokuwa akinitazama zamani nikiwa mwanafunzi, akisubiri.

"Rubani msaidizi," ilisema Mizani, "eleza sababu."

Mara ya pili. Nilikuwa nalia sasa, na bado hakikutoka kitu.

Kapteni akajisogeza mbele kwenye kiti, karibu na kinasa sauti.

"Ndege yangu," alisema.

Injini zimezimwa, ngazi imeshawekwa, watu wako ndani ya jengo wanasubiri mabegi yao. Nilimtazama. Alikuwa anangoja jibu, na nilijua hataendelea bila jibu.

"Ndege yako," nilisema.

"Naitwa Kapteni Ambakisye Mwalwanda," aliiambia Mizani. "Kabla ya safari hii nilimpa msaidizi wangu kidonge cha mafua, nikamwomba akimeze ili kichwa chake kishuke na taa ibaki kwangu. Yeye alikataa, mimi nikamshikilia. Alikimeza kwa sababu yangu. Tukiwa angani vichwa vyetu vyote viwili vilishuka na mtambo huu haukujua umpe nani ndege, ukawa unairusha huku na huku mpaka ikakosa mwenyewe. Niliuvua utepe ili ipate mwenyewe. Kosa la kwanza ni langu. Huyu binti hana kosa, alikuwa chini ya dawa niliyompa mimi."

Aliisema yote bila kuyumba. Jambo moja tu halikuwa kweli, naye hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi sasa.

"Kapteni," nilisema.

Hakugeuka. "Nyamaza, Mizi."

"Kapteni."

Nilitoa kidonge mfukoni nikakiweka juu ya Mizani, kando ya utepe wake. Kilikuwa kimechakaa pembeni kwa jasho la shati langu. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Hukumeza?"

"Sikumeza."

"Sasa kichwa chako..." Alionyesha kioo, mstari wangu bado uko chini. "Kilishushwa na nini?"

"Na wewe, Mzee," nilisema. "Na kuniomba kwako."

Nilisikia mabegi yakishushwa chini ya miguu yetu. Kisha akakisukuma kidonge kwa kidole mpaka kikagusa kinasa sauti, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Umesikia?" aliiambia Mizani. "Rekodi na hilo."